Mkono Wangu Umefunguka, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna wa kuniitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo utasema Zaituni alikatwa mkono na adabu ikaenda nao. Wewe ndiye mtu pekee ambaye ningekubali anitanie kuhusu mkono huu, kwa hiyo utani wa kwanza nimekutilia mdomoni mie mwenyewe.

Naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke mwandiko. Nina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba mkono wangu wa kulia, ule ambao haupo, umefunguka. Ya pili nimeipata kwa Mzee Shomari, na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini na kalamu. Nitakueleza taratibu, maana unanijua, kufupisha sikuwezi.

Unapakumbuka pale petu? Wewe na mwavuli wako, sindano yako, nta yako, na viatu vya nusu ya Kiwalani vimelala miguuni pako. Mie hatua nne kutoka kwako na mashine yangu ya kukamulia miwa. Niliporudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda hukuniuliza hata swali moja. Ulisogeza benchi lako pembeni, ukasema, "Hapo mashine inatosha." Tukakaa hivyo miaka mitano. Wateja wangu wakisubiri juisi walikuvulia viatu, wako wakisubiri viatu walikunywa juisi. Wewe ulilalamika natia tangawizi nyingi, mie nikakwambia unatia gundi kidogo, na wapita njia wakadhani tunagombana. Hatukuwahi kugombana hadi mkono ulipokatwa.

Siku yenyewe sitaisimulia sana kwa sababu ulikuwepo. Kipande cha muwa kilikuwa kifupi, nikakikamata kwa ngumi ili nikisukume hadi mwisho, mashine ikachukua muwa na ngumi. Sauti niliyoisikia ilikuwa yako, si yangu. Wewe ndiye uliyezima injini. Hospitali walijitahidi, lakini siku ya tatu daktari akatuambia mkono hauokoleki, utakatwa chini kidogo ya kiwiko. Fomu ulisaini wewe, maana mie sikuwa na mkono wa kusainia.

Kikabaki kitu ambacho watu hawapendi kukizungumza, nacho ni mkono wenyewe. Sie kiungo cha mtu hatukitupi, tunakizika. Nesi alikukabidhi mkono ndani ya mfuko, nawe ukaona vibaya kupita mitaani na binti yako kwenye mfuko. Ukapitia kazini, ukachukua boksi la viatu, ukamwita Mzee Shomari, jirani yetu mchimba makaburi, mkaenda. Mie nilikuwa wodini. Mama ndiye aliyenisimulia, na alipofika kwenye boksi nilicheka hadi mshono ukauma.

"Baba yako huyo," alisema Mama. "Hata akizika mtu atauliza anavaa namba ngapi."

Kicheko hicho hakikudumu. Wiki ya pili nyumbani, mkono usiokuwepo ulikunja ngumi. Watu wakiniambia "unahisi kama umekunja" nilitamani kuwapiga nao. Ulikuwa umekunja, basi. Kucha zilikuwa zinazama kwenye kiganja, na gumba limefichwa ndani, chini ya vidole vingine. Nikijaribu kuufungua, unabana zaidi. Nililia mchana kweupe mbele ya wageni waliokuja kunipa pole, na wao wakatazama bandeji wakasema kidonda kitapona tu. Kidonda kilikuwa kimepona! Kilichouma kilikuwa mbele ya kidonda, mahali ambapo shuka lilikuwa limelala tambarare bila kitu chini yake.

Dawa za maumivu zilinilevya tu. Mmoja akasema nina jini. Mwingine akasema nazidisha ili nihurumiwe. Wewe ulikaa kwenye kigoda ukinitazama vilevile ulivyokuwa ukikitazama kiatu kilichorudishwa na mteja, unakigeuza huku na huku ukitafuta ulipokosea. Ndivyo ulivyokuwa kazini. Mteja akisema kiatu kinabana, hukuwahi kulaumu mguu wake. Ulifumua, ukashona upya.

Halafu akaja yule mama wa mtaa wa pili na kisa chake cha bwana mmoja wa Mbagala. Mguu wa bwana huyo ulizikwa ukiwa umepinda, akateseka hadi ulipofukuliwa ukanyooshwa. Siku hiyohiyo nikakuuliza lile swali.

"Baba, lile boksi lilikuwa la namba ngapi?"

"Boksi gani?"

"La mkono wangu."

"Arobaini na mbili."

"La mabuti?"

"La viatu vya kawaida, mwanangu."

Nikanyoosha mkono wa kushoto mbele yako, nikauonesha kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. "Unaingia huu kwenye arobaini na mbili? Si unaona hauingii? Ulinikunja vidole ili mfuniko ufunge. Ndiyo maana ninaumia, Baba. Wewe ndiye uliyenikunja."

Nilidhani utakataa. Uliutazama mkono, ukanitazama usoni, ukasema, "Inawezekana."

Neno hilo nililipokea kwa mikono miwili, wa kuonekana na ule mwingine. Hatimaye maumivu yalikuwa na mwenyewe.

Kesho yake ukabeba jembe ukaondoka. Ulirudi adhuhuri, miguu yako imejaa udongo hadi magotini, ukasimama mlangoni kwangu. "Tayari," ukasema. "Nimeufukua, nimeunyoosha kidole kimoja kimoja, nimeuzika upya bila boksi. Sasa tulia, mwanangu." Na wallahi, Baba, nilitulia. Siku mbili nzima ngumi ililegea. Nilikula vizuri, nilioga bila kulia, nilikuita fundi wa watu na viungo vyao. Siku ya tatu ikarudi, tena kwa hasira.

Yale niliyokwambia asubuhi ile siyarudii yote. Nilikuita mwongo. Nilisema hukwenda popote. Nilisema, "Hata kuzika mkono umeshindwa, fundi gani wewe?" Mama alinikemea hadi sauti ikamkauka. Wewe ulivaa kofia yako, ukachukua sindano zako, ukaenda kazini. Toka siku ile nilikuamkia na nikakutengea chai, lakini utani uliisha baina yetu. Miezi minne baadaye presha ikakuangusha bafuni, na hukuamka tena. Wanaume walipokutoa nyumbani ndani ya jeneza, mie nilisimama dirishani na wanawake wenzangu. Nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, ni kwamba aliyenikunja ngumi anaondoka na hakuifungua.

Sasa nikueleze hiyo habari njema, kabla hujanikasirikia.

Mama alipotoka eda nilirudi hospitali kuulizia mkono wa bandia. Wakanipeleka chumba cha mazoezi ya viungo, kwa dada mmoja anaitwa Anitha, mwembamba, anatembea haraka kuliko anavyoongea. Aliangalia kigutu changu, akakibonyeza hapa na pale, halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Na ule uliokatwa, sasa hivi umekaaje?"

Nilimtumbulia macho. "Umekunja ngumi."

"Gumba liko ndani au nje?"

Nikaanza kulia palepale, Baba. Aliniacha nikalia hadi nikamaliza, akanipa karatasi ya kufutia, akasema, "Sista, hayo maumivu ni ya kweli. Wengi tu waliokatwa kiungo wanayo. Huna jini wala huna wazimu."

Nikamwambia habari za boksi namba arobaini na mbili. Akacheka kidogo, akaniomba radhi, halafu akauliza mkono wangu ulikuwa umeshika nini siku nilipoumia. Nikasema muwa. Akasema nimwoneshe nilivyoushika. Nikakunja mkono wa kushoto, gumba nikaliingiza ndani, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nafanya siku zote ili lisiguse vile vyuma vinavyozunguka. Nikaitazama ile ngumi. Ilikuwa ileile.

"Umeiona?" Anitha akasema. "Ndivyo ubongo wako ulivyouacha mkono mara ya mwisho. Unauagiza ufunguke, haupati jibu, unaagiza tena. Unabaki palepale. Umezikwa wapi, kwenye boksi gani, haihusiani kabisa."

Nilimsikia, lakini sikumwamini. Nilikuwa nimeshazoea kukulaumu wewe.

Dawa yenyewe, Baba, ungeiona ungenicheka. Ni kioo. Alikisimamisha mezani, kati ya mkono wangu wa kushoto na kigutu, uso wa kioo ukaelekea kushoto. Kigutu kikajificha nyuma.

"Vua pete," akasema.

"Ya nini tena?"

"Kwani mkono wako wa kulia ulikuwa unavaa pete?"

"Hapana."

"Basi vua. Tukiudanganya ubongo, tuudanganye kwa adabu."

Nikavua, nikainama, nikatazama kwenye kioo. Ulikuwepo. Mkono wangu wa kulia, na kucha zake fupi na vidole vyangu vilivyonenepa kwenye viungio, umelala mezani haujaguswa na mashine. Nikageuza uso. Anitha akanielekeza tena kwenye kioo. Kisha akanifundisha: kwanza nikunje mkono wa kushoto vilevile ninavyouhisi ule wa kulia, gumba ndani, huku macho yakiwa kwenye kioo tu. Halafu nifungue pole pole, nikiwaagiza wote wawili. Siku ile sikupata kitu, ila maumivu yalizidi. Akaniambia nisikate tamaa, nifanye nyumbani asubuhi na alasiri, kama robo saa hivi, kila siku.

Nikaenda kwa fundi vioo wa pale mtaani.

"Kioo cha mlango au cha kabati, dada?"

"Cha kuangalia mkono usiokuwepo."

Alikikata haraka sana, akazungushia gundi ya karatasi kingo zake zisinikate, akanisindikiza hadi barabarani.

Kikwazo kilikuwa Mama. Ilikuwa masika, na unamjua na vioo vyake, radi ikilia tu lazima vifunikwe visije vikaiita ndani. Mie nimekaa sebuleni, jicho kwenye kioo, naanza kufungua vidole, mbingu inanguruma, kanga inatua juu ya kioo.

"Mama! Mkono wangu uko humo!"

"Utaukuta radi ikipita."

"Mie niko kwenye tiba!"

"Na mie nataka hiyo nyumba ibaki ya kufanyia tiba."

Wiki mbili zilikwenda hivyo, mie nakunja na kufungua, Mama anafunika na kufunua. Kulikuwa na siku nilikitazama kile kioo nikatamani kukipasua. Nilifanya kwa sababu Anitha aliniambia nimpe mwezi mmoja kabla ya kusema hapana, nami niliona haya kumwambia hapana baada ya yeye kuniuliza habari za gumba.

Wiki ya tatu, alasiri moja isiyo na mvua, Mama alikuwa anachagua mchele na mie nafanya zangu bila kutarajia kitu. Nikakunja. Nikaanza kufungua. Kwenye kioo kidole cha mwisho kikanyooka, na huku upande wa pili, Baba, upande wenyewe, nikakisikia nacho kinanyooka. Cha pete kikafuata. Cha kati. Cha shahada. Gumba likachelewa, lilikuwa limebanwa miezi yote ile, halafu likatoka. Kucha zikaachia kiganja. Nikahisi upepo wa dirishani unapita katikati ya vidole.

"Mama! Umefunguka!"

"Nini?"

"Mkono!"

Akautazama wa kushoto, akautazama wa kulia, akatazama kioo. Hakuelewa hata kidogo. Akapiga kigelegele. Majirani wakaja mbio wakidhani nimeposwa, na wengine walikasirika kidogo walipokuta ni habari za mkono.

Sitakudanganya kwamba siku ile maumivu yaliisha. Ngumi ilirudi kesho yake, nikaifungua. Ikarudi, nikaifungua. Baadaye ikawa inarudi kwa wiki mara moja, na siku za baridi bado inanichoma choma. Anitha mwenyewe anasema wapo ambao kioo hakiwasaidii. Bwana mmoja tunayekaa naye kwenye foleni, aliyekatwa mguu, kwake kimegoma, wanamjaribishia mazoezi mengine. Mie kimenikubali. Nafua, nabishana na Mama, na nimerudi pale petu nauza maji na soda. Juzi nimekaa saa nzima bila kukumbuka kwamba nina mkono uliokatwa. Sijui nikuelezeje raha ya kusahau kitu hicho. Nilipokumbuka nikacheka peke yangu, mteja akadhani nina simu sikioni.

Raha ile ilikuja na mzigo wake. Kama ngumi ilitoka kwenye mashine, basi haikutoka kwako. Kila nilipokaa mbele ya kioo nikaona vidole vinafunguka, nilijua nilikuita mwongo bure, ukafa ukiamini wewe ndiye uliyeniumiza. Nilishindwa kukaa na jambo hilo. Mzee Shomari siku hizi amehamia kule Wazo kwa mwanawe, nikamfuata.

Macho yake yamepungua sana, alinitambua kwa sauti. Nikamweleza yote, boksi, jembe, maneno niliyokutamkia, na kioo. Akauliza, "Boksi? Boksi gani tulizika?"

"La viatu. Alilokunjia mkono wangu."

"Hakuna boksi lililozikwa. Lile lilikuwa la kubebea tu, tena halikufunga, mfuniko aliushika kwapani njia nzima. Baba yako alikaa chini kwenye mchanga, akautandaza mkono kwenye kitambaa cheupe, akaunyoosha kidole kimoja kimoja. Ulikuwa umekakamaa, ilimchukua muda. Mie nikamwambia, Mzee mwenzangu, jua linatuunguza. Akaniambia subiri, huu ni mkono wa kazi, usiende vibaya. Akautoa na uchafu wa kwenye kucha. Ndipo akaufunga, tukazika."

Nikamwuliza, mbona basi alikubali? Mbona aliniambia inawezekana?

"Hata mie nilimwuliza. Siku ile ya jembe alikuja kwangu makaburini. Hakufukua kitu, kaburi halichezewi. Tulikaa kivulini tangu asubuhi tunapiga soga, na ilipokaribia adhuhuri akajipaka udongo miguuni, akaniuliza kama umetosha. Nikamwambia ongeza. Halafu nikamwambia, lakini si umwambie mtoto ukweli? Akasema, 'Nikimwambia niliuzika vizuri nitamwachia maumivu yasiyo na sababu. Hilo hatalimudu. Anilaumu mie tu, lawama mie nitaimudu.'"

Nililia kwa Mzee Shomari hadi mkwewe akaniletea maji, na katikati ya kulia nikakuona unapaka udongo magotini unauliza kama umetosha, nikacheka, na mzee naye akacheka. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kosa la kukulaumu bure. Sikujua kwamba wewe ulijua. Hukufa ukiamini umeniumiza, Baba. Ulikufa ukijua umeuzika mkono wangu vizuri, ukanyamaza kwa makusudi ili mie nipate pa kupumulia. Nimetoka Wazo mwepesi kuliko nilivyoingia. Nisamehe maneno yale. Nadhani umeshanisamehe, ila sie watoto wenu tunataka kuomba.

Nikufungulie siri moja, na hii hata Mama hajui. Tangu uzikwe sikuwahi kukuombea dua ipasavyo. Kila nilipoinua mikono, wa kushoto ulikuwa wazi na wa kulia ulikuwa ngumi, na mie nilijua, hata kama hakuna mwingine aliyeiona. Niliona haya kumwelekea Mungu na ngumi kwa ajili yako, nikawa nashusha mikono kabla sijalitaja jina lako. Jana niliporudi kutoka Wazo nilitawadha, nikatandika mswala, nikaswali alasiri. Nilipomaliza nikainua mikono, Baba, yote miwili ikiwa wazi, nikakutaja kwa jina lako lote na la baba yako, nikakaa hivyo hadi mabega yakachoka.

Pumzika, mzee wangu. Hakuna kinachonibana tena.

Ni mimi binti yako,
Zaituni